Picha za Mama za Jumapili

Karatu, Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Sabina mdogo wangu, Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Mwanza? Kifua kimepona, au bado unakohoa na ile feni ya dukani kwenu? Shemeji je, na watoto? Sisi huku tunaendelea, Mungu anatusaidia. Mama anakusalimu, anasema umemsahau, halafu anacheka mwenyewe.

Simu imefika. Dereva wa basi alinikabidhi pale stendi ikiwa imefungwa ndani ya kanga kama ulivyoagiza, na kanga nayo nimeipenda. Umeniambia bosi wako anataka kuzileta nyingi kwa ajili ya kina mama wa vijijini, na kwamba niitumie masika yote nikuandikie ukweli: kamera yake ikoje, na kuitumia ni rahisi au ni tabu. Basi nimenunua daftari hili. Kuandika kwenye kioo siwezi, herufi ni ndogo kama mbegu za ulezi, kidole changu kinagusa tatu kwa mpigo. Nitaandika humu siku nikiwa na la kusema, kisha nitakutumia kwa basi hilohilo. Kwenye simu Mama ananisikia, na Patrisi ananisikia. Humu tuko wawili.

Jumamosi, 8 Machi

Kuifungua kwa kidole gumba imekataa. Nimenawa mikono kwa maji ya moto na sabuni, nikapaka mafuta, imekataa. Patrisi akacheka mpaka akakohoa: "Mama Nelson, hata simu imeona huna kidole, una jembe." Nikamwambia leta cha kwako. Kikakataa pia, akanirudishia simu. Mwambie bosi wako kwamba wanaolima hawana alama za vidole mwezi wa tatu. Tumeweka namba, mwaka aliozaliwa Nelson wetu.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimejaribu kamera. Unajua utaratibu wetu tangu Baba afariki: kila Jumapili baada ya misa napiga picha ya Mama naituma kwenye kundi la familia ili kaka Inosenti aione kule Dodoma, nawe, na wengine. Kwa ile simu yangu ya zamani Mama alikuwa anatoka kama mtu aliyesimama nyuma ya moshi. Hii ni kitu kingine! Chini ya kioo nimekuta alama ya sura ndogo yenye vinyota pembeni. Nikasema hii itakuwa ya kufutia kioo, kama tulivyokuwa tunafuta kioo cha taa ya chemli kwa gazeti. Kuna mstari wenye kitone, na kadiri unavyokivuta kitone kwenda kulia ndivyo picha inavyotakata. Nikakivuta mpaka mwisho.

Inosenti akajibu hapohapo: "Dada leo umetisha. Mama karudi nyuma miaka ishirini." Nawe ukaandika: "Ngozi ya mtoto!" Mama akataka aione. Akaishika mbali na macho, akaniuliza: "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Basi Mungu ni mwema," akasema, akairudisha.

Maoni yangu ya kwanza: kamera nzuri sana.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Jua hakuna, sola haichaji. Nimeipeleka simu mjini kwa Aikaeli, yule mama wa Kichaga anayeuza vifaa vya simu karibu na soko.

Jumapili, 16 Machi

Picha imetumwa. Mama hakumaliza uji.

Jumatano, 19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Mama anajikuna. Mikono, mgongo, mpaka nyayo. Nilidhani ni viroboto, nikatoa godoro nje kulipokuwa na jua la dakika kumi, nikachemsha mashuka. Leo nilipokuwa namwogesha karibu na mlango, mwanga ukamwingia usoni, nikaona macho yake. Sabina, ile nyeupe ya jicho imekuwa kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nikamuuliza, "Mama, macho yanauma?" Akasema hayaumi, nimmwagie maji, anasikia baridi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempeleka zahanati kwa bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia, yeye katikati. Mganga kamtazama macho, kaangalia mkojo, ambao ni kama chai ya rangi iliyokaa. Kasema hapa hana kipimo, apelekwe hospitali kubwa akapigwe picha ya tumbo, na tusikawie.

Nikamwambia Mama twende kesho. Akaniuliza swali moja tu: "Inosenti amesema nini?"

Unajua. Baba alipokuwa anaondoka alisema mbele ya wazee na mbele ya katekista kwamba mama yenu nimemwacha mkononi mwa Inosenti. Tangu siku hiyo Mama hauzi mbuzi, hahami chumba, hanywi hata dawa ya kichwa bila neno la mwanawe mkubwa. Patrisi ni mkwe, hawezi kuamua habari ya mwili wa mama mkwe wake, anakaa nje anachonga mpini. Na kadi ya bima ya Mama iko Dodoma kwa Inosenti.

Nikampigia. Akaniambia kwa upole, "Dada, unakumbuka mwaka juzi?"

Nakumbuka. Mwaka juzi niliwaita wote kwamba Mama anakufa, Inosenti akaomba ruhusa kazini, wewe ukaja na mtoto mchanga, na mlipofika mkamkuta Mama amekaa jikoni anachambua maharage anawauliza kuna msiba wa nani. Malaria ilikuwa imeshatoka. Mlinicheka wiki nzima, nami nilicheka.

"Nitumie picha Jumapili," akasema. "Nina rafiki daktari hapa, nitamwonyesha."

Jumapili, 23 Machi

Nilitaka nimpige picha alivyo kitandani. Alikataa katakata. "Watoto wangu wasinione kama gunia." Akavaa gauni la bluu, kilemba, rozari mkononi, akajinyoosha kwenye kiti akakaa kama anasubiri askofu. Kubonyeza nikabonyeza mimi. Baadaye ilinibidi nimshike kumrudisha ndani.

Inosenti akajibu saa nane. Rafiki yake daktari ameikuza picha akatazama macho, akasema ni meupe kabisa, na uso umejaa vizuri. Labda minyoo. Wewe ukaweka maua matatu na moyo.

Nimeitazama picha hiyo mwenyewe. Ni kweli, macho ni meupe. Nikaenda kumtazama Mama. Ni ya njano. Nikarudi kwenye picha.

Jumanne, 25 Machi

Mvua usiku na mchana. Barabara ya kwetu imekatika pale korongoni. Mama kala vijiko vitatu.

Jumapili, 30 Machi

Siku mbaya. Nimeandika kwenye kundi, kwa shida, herufi moja moja: "Mama anaumwa kweli. Anahitaji hospitali." Binamu zetu wa Mbulu wakajibu kwamba picha ya leo ndiyo nzuri kupita zote. Halafu Inosenti: "Dada Germana, kama umechoka kumtunza Mama sema tu kwa uwazi, hakuna atakayekulaumu. Tutamleta Dodoma masika yakiisha."

Umechoka. Mimi ninayemgeuza saa zote, ninayemkuna mgongo kwa gunzi la mahindi lililolainishwa kwa sababu kucha zinamtoa damu. Nimelia jikoni, Patrisi akaingia, akatoka. Jioni kwenye jumuiya tuliposali Baba Yetu, nilifika kwenye "kama tunavyowasamehe" nikanyamaza, wenzangu wakapita. Sabina, nilimchukia kaka yetu leo. Naandika ili iwe imeandikwa.

Na wewe uliisoma, nikaona zile alama mbili za bluu. Hukuandika kitu.

Jumatano, 2 Aprili

Maharage ya shamba la chini yameanza kugeuka njano. Nimechuma majani matatu, nikayapiga picha juu ya meza, nikamtumia bwana shamba. Kajibu kabla sijaosha mikono: maji yamezidi, nichimbe mifereji. Kasema picha imetoka vizuri, mishipa ya jani anaihesabu.

Basi kamera inaona njano. Imeiona kwenye jani, na bwana shamba aliye maili kumi ameiona. Kwa Mama haioni. Nikakaa chini. Nikasema huenda ni mimi, huenda ni hofu yangu ya mwaka juzi imerudi na kuniingia machoni. Nikamwita Patrisi aliyekuwa na koleo mferejini.

"Baba Nelson, mtazame Mama macho. Usiseme ninachotaka. Sema unachoona."

Akaingia, akamwamkia, akatoka akachomeka koleo ardhini. "Njano," akasema. "Hata viganja."

Angalau sijarukwa na akili.

Jumapili, 6 Aprili

Hii ni Jumapili ya tatu Mama hakwenda misani, jambo ambalo sijaliona tangu niolewe. Paroko kamletea komunyo. Kwa picha alidai kilemba chake, nikamfunga, nikamweka mito mgongoni. "Anang'aa," wameandika. Inosenti: "Asante Mungu." Mama haulizi tena habari ya hospitali. Anauliza, "Inosenti ameipenda?" Namwambia ameipenda.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nimekaa kizingitini nachambua dengu, simu iko mapajani. Nikaifungua picha ya Jumapili, nikaikuza kwa vidole viwili kama ulivyonifundisha. Nikaanza juu: kilemba, paji la uso laini, macho, mashavu. Halafu kidole kikateleza, picha ikashuka yenyewe mpaka kwenye mkono ulioshika rozari.

Mkono ulikuwa wa njano, Sabina. Una makunyanzi yote, una ile alama ya kuungua aliyoipata tukiwa wadogo, una mikwaruzo ya kujikuna. Nikapandisha usoni: uso wa mwanamke wa miaka arobaini. Nikashusha: mkono wa Mama. Uso, mkono. Sikumwambia mtu. Dengu zilimwagika, kuku wakala.

Nikafungua za nyuma zote, za tarehe tisa, kumi na sita, ishirini na tatu, thelathini. Kwenye kila picha mikono inazidi kuwa njano na uso unabaki palepale, kama aliyekatwa kichwa akawekewa cha mwingine. Bwana anisamehe kwa kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimetembea kwa miguu mpaka mjini, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Aikaeli alikuwa anafungua duka.

"Mama Nelson! Umetoka kulima au umetoka kuzikwa?"

Nikampa simu, nikamwambia atazame uso kisha mkono. Akatazama. Akafungua kamera, akaona ile alama ya vinyota, akapiga kofi.

"Yesu wangu. Nani kaivuta hii mpaka mwisho?"

"Mimi. Ni ya kufutia kioo."

"Ya kufutia kioo wapi! Hii ni ya mabinti. Inatafuta uso wa mtu, inaupaka poda, inaondoa makunyanzi, inasafisha macho, inajaza mashavu. Mkono haiugusi, jani hailigusi, ng'ombe haimgusi. Inatafuta uso tu." Alianza kucheka. "Simu imempaka bibi poda mwezi mzima!" Halafu akaniona, akaacha kucheka. Akanisogezea kiti. Akakirudisha kile kitone mwanzo kabisa, akanipiga picha mimi, akanionyesha. Nilikuwa mimi, na matope na yote.

"Mama yako anaumwa?" akaniuliza polepole.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasema neno moja: mimi. Nilimchukia Inosenti kwa kutazama kile nilichomtumia. Rafiki yake daktari alitazama kwa bidii kitu kisichokuwepo. Na wewe na maua yako. Wote mlimtazama Mama kila Jumapili kwa upendo, nami nilikuwa nimesimama mbele yake nimemficha kwa mkono wangu. Nikaingia kanisani nikiwa na matope hayohayo. Niliungama kwa paroko. Akaniambia hiyo siyo dhambi, ila kuna mtu mmoja wa kuambiwa, na ni yule niliyemchukia.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi nikamwambia Mama nataka kumpiga picha. Akanyoosha mkono atafute kilemba. Nikamwambia leo bila kilemba.

"Sipigwi picha hivi."

Nikapiga magoti pembeni ya kitanda. Nikamweleza yote, habari ya vinyota na poda na kitone. Sijui alielewa kiasi gani. Nikamwambia, "Mama, watoto wako hawajakuona tangu Kwaresima ianze. Wanamwona mwanamke mwingine."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha akasema kwa Kiiraqw chetu, vile anavyosema akiwa hataki mabishano, kwamba haya, fanya. Akajifunua shuka mwenyewe mpaka kifuani, mifupa ile. Na alipoona nimenyanyua simu, akaishika kope ya chini ya jicho lake kwa kidole akaivuta chini, kama alivyofanyiwa zahanati, ili ionekane.

Nikatuma. Kwenye kundi hakuna aliyeandika kitu. Dakika kumi, ishirini. Alama za bluu zikajaa. Kisha simu ikalia, Inosenti, naye hakusema haloo. Nilisikia pumzi yake tu. Akasema, "Mpe Mama simu." Nikaiweka sikioni kwake. Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa, nilisikia: "Mama, ni mimi Inosenti. Nimesema uende. Uende leo."

"Nimesikia, mwanangu," Mama akasema. Na akaanza kutafuta viatu.

Patrisi kaenda mbio kwa jirani mwenye gari la kubebea watalii, limekaa bila kazi kwa sababu ya mvua. Pale korongoni lilizama. Vijana watano na Patrisi walisukuma, mimi ndani nimempakata Mama kama mtoto, yeye akiwaelekeza kupitia dirishani washike upande gani.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Hospitali. Inosenti kafika jioni na kadi ya bima, bado amevaa nguo za jana. Picha ya tumbo inaonyesha mfereji wa nyongo umeziba. Kwa nini umeziba wataona wakifungua. Daktari akauliza imeanza lini. Nikasema karibu mwezi. Akaandika, akasema, "Mngekuja wiki tatu zilizopita..." halafu nesi akamwita, hakumaliza. Tawi langu nimeliweka juu ya kabati la Mama.

Jumanne, 15 Aprili

Siku mbili Inosenti hakuweza kunitazama. Anakaa kwenye benchi la koridoni, mikono kichwani, anasema kwa sauti ya chini, "Dada aliniambia. Dada aliniambia." Ningeweza kumwacha aendelee kuamini hivyo. Sabina, nakuambia wewe tu: nilijaribiwa. Kwa lile neno la "umechoka", nilijaribiwa kumwacha.

Nikakaa karibu naye nikamwonyesha kile kitone na jinsi nilivyokivuta, tarehe tisa, baada ya misa. Nikasema, "Ni kidole changu, kaka."

Alikichezea kidogo, kulia, kushoto. Akajipiga picha, akatoka kijana, akaifuta. Kisha akaniambia, "Uliniambia kwa simu. Ukaniambia kwa maandishi. Mdomo wako hauna kitone hiki, dada." Akanirudishia simu. Baadaye akaenda kutafuta chai, akaniletea na chapati, akaikata katikati kama zamani.

Jumatano, 16 Aprili

Operesheni ni kesho, Alhamisi Kuu. Daktari hakutuahidi kitu. Mama ana miaka themanini na kitu, moyo umechoka, amekonda. Alisema watajaribu.

Leo mchana Mama aliomba aone picha zote mbili. Nikamwekea kwanza ile ya gauni la bluu, kisha ile ya Jumamosi. Alizirudia mara tatu, na Inosenti alikuwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Hii," akasema akionyesha ile ya Jumamosi, "mpeni daktari. Huyu ndiye anayeumwa." Akaigusa ile ya bluu. "Na hii muiweke vizuri. Siku ile mtakaponibeba, muitangulize hii mbele. Baba yenu ndivyo anavyonikumbuka."

Inosenti akatoka nje. Mimi nikasema, "Mama, acha maneno hayo."

"Sijasema kesho," akanijibu. "Nimesema siku ile."

Masika hayajaisha, lakini daftari nalifunga leo, dereva anapita saa kumi. Habari za operesheni utakuwa umezisikia kwa simu kabla hujafika ukurasa huu, lakini haya mengine hukuyasikia. Maoni yangu kwa bosi wako ni haya: chaji inakaa siku mbili, sauti ni kubwa, herufi ni ndogo, kidole cha mkulima haikisomi, na kwa majani ya maharage sijaona kamera kama hii. Lakini ile alama ya vinyota, kabla hajamkabidhi mama yeyote simu, akae naye amwambie ni ya nini. Asiseme ataijua mwenyewe. Mimi niliijua mwenyewe.

Sikulaumu kwa yale maua. Njoo. Na kama huwezi kuja, niandikie kwa mkono wako, umpe dereva aniletee Ijumaa au Jumamosi. Nijibu upesi, Sabina, nakuomba.

Ni mimi dada yako,
Germana